Kabla Mlima Haujashuka: Namna ya Kulinda Urithi wa Jamii za Asili Milimani

Maswali huwa yaleyale. Tununue kamera gani? Tujenge makumbusho madogo? Vitu vya babu tuvipeleke mjini? Mwongozo huu unaanzia nyuma ya maswali hayo, kwa sababu ukikimbilia kuyajibu utamaliza pesa na tope litakukuta bado hujajiandaa.

Jambo moja lishike tangu mwanzo: mlimani huna muda wa kuokoa vitu. Bondeni mto mkubwa hupanda kwa siku kadhaa na redio hutangaza. Mlimani ni suala la dakika. Tope la Mlima Hanang liliingia Katesh alfajiri ya 3 Desemba 2023, watu wengi wakiwa bado majumbani. Kule Leh, Ladakh, kaskazini mwa India, mvua ya Agosti 2010 ilishuka usiku. Thame, kijiji cha Washerpa nchini Nepal, kilipigwa mchana wa 16 Agosti 2024 na maji ya ziwa la barafu lililopasuka huko juu. Kwa kuwa ilikuwa mchana, watu waliona na kukimbia, lakini shule, kituo cha afya na nyumba zilikwenda na maji. Anayepanga kubeba sanduku la ukoo katika dakika hizo anapanga kufa. Kwa hiyo karibu kazi yote iliyo hapa chini hufanyika kiangazi, jua likiwaka na watu wakidhani unajisumbua bure.

Hatari za mlimani pia hurudi palepale. Bududa nchini Uganda, kwenye mteremko wa Mlima Elgon, iliporomoka Machi 2010, ikaporomoka tena Oktoba 2018. Mto Nyamwamba unaotoka Rwenzori ulifurika Mei 2013 na Mei 2020. Hilo ni jambo baya, ila kwa mpangaji lina faida: mahali pa kuogopa panaweza kujulikana mapema.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Kikundi cha watu wanne hadi sita. Wawe na mzee mmoja wa mila, mwanamke mmoja anayejua mambo ya wanawake (nyimbo za unyago, ufinyanzi na dawa za uzazi mara nyingi hazimo katika orodha ya wanaume), kijana wa simu, na mtu mmoja anayesikilizwa na uongozi wa kijiji.
- Daftari lenye jalada gumu na penseli. Wino hutawanyika ukilowa, penseli inabaki.
- Simu moja yenye kamera nzuri, diski mbili za nje na kadi za kumbukumbu.
- Vitambaa vya pamba vyeupe visivyotiwa rangi, karatasi nyeupe zisizochapwa kitu, maboksi magumu yenye mfuniko, turubai, kamba.
- Glovu, buti za mpira na barakoa za kuzuia vumbi laini, zile za N95. Za kitambaa hazizuii kuvu.
- Sehemu mbili za kuhifadhia zilizo mbali na zisizo upande mmoja wa mlima. Nyumba mbili za jirani zinahesabika kuwa sehemu moja.

Kamera ya bei kubwa haimo katika orodha hii, na haikusahaulika.

Hatua ya 1: Tafuta ridhaa ya wenyewe

Urithi una wenyewe. Wakati mwingine ni kijiji kizima, wakati mwingine ukoo mmoja, au wanawake waliozaa, au mtu mmoja aliyetawazwa. Usiguse, usipige picha na usiandike kabla ya kujua mwenye kauli ni nani. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2007 kuhusu haki za watu wa asili linasema waziwazi, katika ibara ya 31, kwamba wana haki ya kutunza na kusimamia urithi wao wa kitamaduni. Likumbuke hilo pia shirika au chuo kitakapofika na fomu ya kusaini mkiwa bado mnazika.

Kaeni kikao na mgawe vitu katika mafungu matatu: vya kuonwa na yeyote, vya kuonwa na wanajamii tu, na vya kuonwa na waliopewa haki tu. Fungu la tatu huenda lisirekodiwe kabisa, na hiyo nayo ni kinga. Kuna siri ambazo zikiwekwa kwenye diski tayari zimeharibika.

Kosa la kawaida: kuomba ridhaa mara moja tu. Mzee aliyekubali kurekodiwa wimbo hajakubali usambazwe WhatsApp. Andika alichokubali na alichokataa, kitu kwa kitu.

Hatua ya 2: Chora ramani ya hatari kwa miguu na kwa kumbukumbu za wazee

Tembea na wazee kuanzia juu hadi chini. Uliza maji yalipita wapi enzi za wazazi wao, wapi palikuwa na nyumba ambazo leo hazipo, na kwa nini hakuna aliyejenga upande ule. Kisha tazama ardhi yenyewe. Mawe makubwa yaliyotapakaa katikati ya tambarare chini ya korongo ni ushahidi kwamba maji au tope lilishawahi kuyabeba hadi pale. Miti iliyopinda chini kisha ikanyooka juu huonyesha udongo unaotambaa polepole. Chemchemi mpya kwenye mteremko, au nyufa zenye umbo la mwezi mchanga juu ya mashamba, ni za kuripoti siku hiyohiyo.

Weka alama za aina nne: tope na maporomoko, mafuriko ya ghafla, moto wa nyika, na unyevu. Wengi husahau huo wa mwisho. Nyumba za ibada za udongo zenye paa bapa, kama zile za Ladakh na za Mustang nchini Nepal, zilijengwa kwa hali ya hewa kavu, yenye theluji inayoweza kufagiliwa kabla haijayeyuka. Mvua nzito ikinyesha pale, paa hunywa maji na michoro ya ukutani huoza bila tukio lolote la kutangazwa redioni. Maafa ya polepole hayana king'ora.

Hatua ya 3: Andika orodha fupi, halafu ifupishe tena

Kila kikundi huanza na orodha ya vitu mia. Orodha hiyo ni nzuri kwa kumbukumbu, haifai kwa dharura. Uliza maswali matatu tu: Kikipotea, kuna sherehe au kazi itakayoshindikana? Kinaweza kutengenezwa upya? Kuna mtu hai anayejua kukitengeneza?

Ngoma kuu ambayo fundi wake yu hai na ana wanafunzi si ya kwanza katika orodha, hata kama ndiyo nzuri kuliko vyote. Daftari chakavu la nasaba lililopo nakala moja tu ni la kwanza. Na bibi pekee anayejua maneno ya maombi ya mvua yuko juu ya daftari hilo. Orodha yako iwe na majina ya watu, si vitu peke yake.

Ikizidi kumi, punguza.

Hatua ya 4: Hamisha sasa

Chukua ramani na orodha, vilaze pamoja. Kila kitu cha orodha kilichomo katika eneo la hatari na kinachoweza kuhama kwa ruhusa ya wenyewe, kihamishwe kabla ya mvua. Si lazima kiende mjini. Mara nyingi inatosha kukipandisha kutoka nyumba iliyo kwenye mkondo wa maji hadi nyumba ya ukoo uleule iliyo kwenye mgongo wa mlima, juu ya mwamba. Kitu kinachotumika kwenye ibada kikipelekwa makumbusho ya mbali kimeokoka na maji, lakini kimepotea kwa wenyewe. Mimi ningechagua rafu ya juu katika nyumba ya shangazi kuliko ghala lenye kipoza hewa lililo mbali kwa siku mbili.

Ndani ya nyumba, usiweke kitu sakafuni wala dhidi ya ukuta wa upande wa mlima. Acha nafasi ya hewa nyuma ya rafu.

Kosa la kawaida: kufungia ngozi, mbao, nguo au vikapu kwenye boksi la plastiki lisilopitisha hewa, ukaliacha hivyo miezi sita. Unyevu uliomo ndani hauna pa kutokea, na ukifungua unakuta kuvu. Zungusha kitambaa cha pamba, tumia boksi la plastiki kwa kubebea tu, au weka vipakiti vya kunyonya unyevu na uvikague kila mwezi.

Hatua ya 5: Rekodi, kwa mpangilio

Hapa ndipo simu inaingia. Kwa vitu: piga picha pande zote, chini na ndani, ukiweka rula kando yake ili ukubwa ujulikane. Piga picha ya kila ufa na kila kiraka kilichopo tayari. Ukiibiwa, au kitu kikisombwa na kuokotwa mbali, picha hizo ndizo ushahidi wako.

Kwa sauti na matendo, fanya hivi:

a) Rekodi mahali tulivu, mbali na upepo na bati. Simu iwe karibu na mdomo, si upande wa pili wa chumba. Sauti mbovu haitengenezeki baadaye, lakini picha yenye giza kidogo inasameheka.

b) Anza kila rekodi kwa kutaja tarehe, mahali, jina la msemaji kama amekubali litajwe, na nani anaruhusiwa kusikiliza.

c) Lugha iwe ileile ya wenyewe. Tafsiri itafanywa baadaye na mtu aliyetulia.

d) Rekodi kazi, si maelezo ya kazi peke yake. Mfinyanzi akieleza namna ya kuchoma chungu utapata sentensi chache. Akichoma chungu mbele yako utapata kuni za aina gani, upepo wa upande gani, na lini asubiri.

e) Ukipata nafasi ya kuchagua, hifadhi sauti katika WAV (faili la sauti lisilobanwa) badala ya kuibana.

Nakala ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, na moja iwe mbali na kijiji. Hilo la mbali ndilo huvunjwa mara nyingi: diski zote mbili hukutwa kwenye droo moja, chini ya tope lilelile. Fungu la siri halipandishwi intaneti hata kama hifadhi ni ya bure, na ramani ya mahali patakatifu haiwekwi pamoja na picha za vilivyomo. Jambazi akipata vyote viwili umemfanyia kazi yake. Kumbuka pia kuzima huduma ya mahali kwenye kamera ya simu, maana picha hubeba alama ya ramani bila wewe kuiona.

Hatua ya 6: Rithisha mikononi

Rekodi ni bima. Urithi wenyewe ni mtu anayejua kufanya.

Mfano mzuri uko Peru. Daraja la Q'eswachaka juu ya mto Apurímac husukwa kwa nyasi, na jamii za Waquechua hulisuka upya kila mwaka mwezi Juni. Wakati wa janga la korona matengenezo yalikwama, na Machi 2021 daraja likakatika likaanguka. Juni mwaka huohuo lilikuwa limesukwa tena. Hakuna kilichohitaji kutafutwa kwenye kumbukumbu za serikali, kwa sababu mamia ya mikono ilikuwa inajua.

Kwa kila ujuzi ulio kwenye orodha fupi, tafuta angalau wanafunzi wawili wanaolala katika nyumba tofauti, ikiwezekana vitongoji tofauti. Wajaribiwe kwa kazi halisi kabla ya mvua: waongoze wimbo mzima, wajenge sehemu ya ukuta, watandaze paa. Kijana anayesema "najua" bila kusimamiwa akifanya, hajui bado.

Hatua ya 7: Linda kisichohamishika

Misitu ya matambiko, makaburi, matuta, mifereji, njia za hija na kuta za mawe haviingii kwenye boksi. Kinga yake ni maji: maji yaelekezwe pengine. Zibua mitaro ya juu ya mahali patakatifu kabla ya msimu. Angalia mlango wa mfereji wa jadi, kama ile mifongo ya Wachaga kwenye Kilimanjaro, uweze kufungwa haraka mvua ikizidi, maana mfereji ulioachwa wazi huingiza mafuriko moja kwa moja kwenye mteremko. Ukuta wa mawe makavu (yaliyopangwa bila saruji wala udongo) ukitoka tumbo, ufungue na uupange upya kabla haujaanguka. Usifyeke miti iliyo juu ya mahali hapo, hata kwa ajili ya kupata mwonekano mzuri wa wageni.

Matuta yanafundisha jambo jingine. Yale ya Waifugao nchini Ufilipino yaliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1995, na kuanzia 2001 hadi 2012 yakawa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Ukuta wa tuta hudumu kwa sababu kuna anayelilima. Likiachwa, mtaro huziba na maji hutafuta njia ndani ya ukuta. Anayelima tuta la mzazi wake, basi, yumo katika kazi hii ya ulinzi hata kama hajawahi kuhudhuria kikao.

Kosa la kawaida, na ndilo linaloharibu zaidi: saruji. Ukuta wa udongo au mawe ukipigwa plasta ya saruji hauwezi tena kupumua. Maji yaliyoingia hubaki ndani, udongo hulegea nyuma ya ngozi ngumu, na siku moja ukuta mzima huanguka ukiwa unaonekana mpya. Tumia udongo, chokaa na mawe ya palepale, na fundi wa palepale.

Hatua ya 8: Panga siku yenyewe

Mpango wa siku ya maafa utoshe ukurasa mmoja, na mstari wake wa kwanza uwe watu. Wazee walio kwenye orodha fupi wana vijana wawili kila mmoja, wanaojulikana kwa majina, wa kuwaondoa. Ukiokoa mzee umeokoa mtu, na juu ya hilo maktaba ya ujuzi wake haijaungua.

Kubalianeni ni dalili zipi zinatosha kuondoka bila kusubiri tangazo: mto unaopungua ghafla wakati mvua bado inanyesha (kuna kitu kimeuziba huko juu), maji yanayogeuka tope na kubeba miti, ngurumo inayotoka ardhini, milango inayoanza kukwama kwenye fremu. Muwe na ishara moja ya sauti ambayo haitumiki kwa jambo jingine. Kama ngoma ya kijiji hupigwa pia harusini, tafuteni pembe.

Hakuna anayerudi kuchukua kitu. Liandikeni hivyo, na mwenye mila mwenyewe alitamke mbele ya kikao, kwa sababu vijana hufa wakidhani mizimu itawadai. Tope likipita mara moja linaweza kufuatwa na jingine.

Hatua ya 9: Saa 48 za kwanza baada ya maafa

Baada ya watu kupatikana na mahali kuthibitishwa kuwa salama, saa inahesabu. Kuvu huanza kuota kwenye vitu vilivyolowa kwa muda wa siku mbili hivi, na mapema zaidi kukiwa na joto. Piga picha kabla ya kugusa, kisha:

- Fungua hewa ipite. Kausha kivulini. Jua kali na moto hupasua mbao na kukunja ngozi.
- Ngoma iliyolowa: legeza kamba kwanza. Ngozi husinyaa inapokauka, ikachanika au ikapasua mzinga.
- Chungu kilichochomwa, jiwe: suuza tope kwa maji safi kabla halijakauka. Chuma nacho suuza, kisha kikaushe mara moja.
- Kilichopakwa rangi, chenye manyoya au kinachomeguka: usisuuze. Kiache kikauke, kisha tumia brashi laini.
- Kikapu, vazi la shanga, nguo nzito: kibebe juu ya ubao au wavu. Kikiwa kimelowa hakiwezi kuhimili uzito wake chenyewe.
- Vitabu: usilazimishe kufungua kurasa. Weka karatasi nyeupe katikati ya kurasa zinazofunguka zenyewe, na uzibadilishe zikilowa. Vikiwa vingi kuliko mikono iliyopo, vitie kwenye friji la kugandisha na mtavikausha baadaye kidogo kidogo. Hilo ni kwa karatasi na nguo, si kwa mbao wala chuma.
- Picha za karatasi zilizoshikana: ziloweke kwenye maji safi ya baridi ziachane zenyewe, kisha zianike uso ukiwa juu.

Usitupe vipande. Kila kitu kilichovunjika kiwe na mfuko wake, na karatasi ya penseli inayosema kimetoka wapi.

Hatua ya 10: Fanyeni zoezi kila msimu kabla ya mvua

Nusu siku inatosha. Pigeni pembe, hesabuni watu, fungueni diski moja muone kama inasoma, kagueni maboksi.

Mambo yakikwama

*Wazee wanakataa kurekodiwa.* Waache. Waulize kama wanakubali kufundisha mtu mmoja bila kifaa chochote chumbani. Wengi wanaokataa simu hawakatai mwanafunzi.

*Koo mbili zinadai kitu kimoja.* Usiamue wewe. Kiandike kwenye orodha kwa majina yote mawili na mkubaliane mahali pa kukiweka tu. Ugomvi wa umiliki unaweza kusubiri masika yapite.

*Kuvu tayari kimeota.* Tenga kitu hicho na vingine, vaa barakoa, kikaushe kwanza, kisha kisugue polepole nje kwa brashi laini ukisimama upande upepo unakotokea. Dawa ya klorini ni ya sakafu. Kwenye ngozi, nguo au mbao ya kale hula kitu chenyewe.

*Diski au simu imelowa.* Usiiwashe kujaribu, wala usiichaji. Tegemea nakala ya mbali. Kama hakuna nakala, mpelekee fundi wa kurejesha data ikiwa bado imezimwa.

*Tingatinga linazoa kifusi.* Limeshafika na halisubiri kikao. Ndiyo maana ukurasa wa mpango unapelekwa ofisi ya wilaya mapema, ukiwa na alama za maeneo bila siri zake. Siku hiyo zungusha utepe wa rangi na uombe jambo dogo: kifusi cha eneo hilo kimwagwe sehemu moja mnayoweza kukichambua. Ombi dogo hukubaliwa.

*Barafu au theluji ya ibada imekwisha.* Bakonzo wa Rwenzori humjua mungu wao Kitasamba kuwa anakaa kwenye theluji ya mlima, na theluji hiyo inapungua. Huko Peru, kwenye hija ya Qoyllur Rit'i, wale ukuku (wachezaji wa hija hiyo) waliokuwa wakishuka na vipande vya barafu waliacha kuikata. Ibada ibadilike vipi ni uamuzi wa wenye ibada. Kazi ya kikundi chako ni kuandika ilivyokuwa, kwa ruhusa yao, kabla kizazi kilichoiona hakijaondoka.

*Kijiji kimehamishiwa mbali.* Dai haki ya kurudi mahali patakatifu iandikwe ndani ya makubaliano ya kuhama, ikitaja njia na nyakati za sherehe. Ahadi ya mdomo huondoka na mkuu aliyeitoa.

*Wanunuzi wa vitu vya kale wamefika.* Hufika mapema, wakati watu wana njaa. Waonyeshe kwamba kila kitu kina picha na vipimo, na kwamba nakala iko nje ya kijiji. Kisha hakikisha familia zinazotunza vitu vya orodha zinapata msaada wa chakula katika mgao wa kwanza, kwa sababu hakuna orodha inayozuia mzazi kuuza kigoda ili watoto wale.